Corset ya njiwa: nilivyong'ang'ania mode kwenye ndoa ya mudogo yangu, njiwa wakalala miguu juu

Wakuu, salamu popote mlipo, mabibi kwa mabwana.

Niko Naviundu, hapa Lubumbashi, miguu iko ndani ya beseni ya maji ya moto kwa sababu Jumamosi nilicheza mpaka kisigino kikaomba talaka. Nimesema kabla sijasahau hata kitu kimoja, niwaletee.

Chumvi hakuna. Nikiongeza hata punje moja, cherehani ya fundi wangu inishone vidole vyote kumi.

Jambo moja kwanza. Kiswahili changu ni cha Katanga. Kwetu mtu ni muntu, watoto ni batoto, na kila kitu "iko". Nimejitahidi kuandika kama mnavyoandika hapa jukwaani, lakini nikifurahi cha kwetu kinatoka chenyewe, na leo nimefurahi vibaya sana. Watu wa Dar na Mombasa, msije na kalamu nyekundu. Someni habari.

Haya.

Mimi ni maîtresse wa maternelle, yaani mwalimu wa vitoto vidogo. Kazi yangu ni kuimba, kuruka, kufuta kamasi na kuamua kesi za nani kamuuma nani. Nina miaka thelathini na sita. Sijaolewa. Tulieni, tutafika huko.

Mwili wangu lazima muuone vizuri, maana ndiyo habari yenyewe. Ni mfupi. Kifuani Mungu alipita akiwa na haraka. Lakini kwenye mahipsi! Kwenye mahipsi alivuta kiti, akakaa, akafanya kazi siku nzima.

Fundi wangu, Papa Ferdi, mzee mmoja wa miwani minene ambaye ananishonea toka niko shule, aliwahi kuniambia hivi akinipima: "Maîtresse, weye Mungu alianza kukushona ku chini. Wakati alifika huku ku juu, kitambaa ikaisha."

Sikukasirika. Ni kweli.

Sasa shida yangu wakuu ni kwamba napenda mode, yaani fasheni. Napenda kupita kiasi. Kitu kikitoka kwenye simu Jumatatu, Jumatano mimi nimeshakitafuta. Na kila mara kinanikataa.

Zilipokuja zile koti kubwa za mabega mapana, nikavaa moja kwenda shuleni. Katoto kamoja kakaniangalia sana kakauliza, "Maîtresse, papa yako iko wapi? Juu ulivala koti yake." Nikaja na jeans pana za kuburuta chini. Mnaijua vumbi ya Naviundu wakati wa baridi? Nilifagia barabara nzima kutoka shuleni mpaka nyumbani, majirani wakanishukuru.

Lakini sikukoma. Ndiyo tabia yangu.

Sasa tuingie kwenye habari.

Mudogo yangu Nadine aliposwa. Nadine ana miaka ishirini na sita, mimi ndiye nilimbeba mgongoni, nilimsuka, nilimfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Kijana anaitwa Trésor, mekanisiye, fundi wa mashine, anafanya kazi mgodini upande wa Kinsevere, anakuja nyumbani na mikono imesafishwa mpaka inang'aa kwa sababu anamwogopa mama yetu. Kijana mzuri. Sina neno.

Ila katika familia yetu kuna desturi moja. Mudogo akiolewa mbele ya yaya, yaani mbele ya dada mkubwa, upande wa mwanaume unamletea yaya kitenge. Unakishona, unakivaa siku ya ndoa, halafu unasimama kwenye mlango wa lupango, pale geti la nyumbani. Bibi harusi hatoki mpaka wewe umeitikia. Mama ya bwana anakuja mbele yako, anakagua kitenge, anakuuliza mbele ya watu wote kama mtoto apite. Unajibu. Anapita.

Kitenge ndicho kinasema kabla ya mdomo wako. Ukikiacha sandukuni, hukukubali. Ukikivaa ovyo, hukukubali. Na mtu akishasema "yaya hakukubali," bazee wanavuta viti, kikao kinaanza, na ndoa inasimama hapohapo na keki inayeyuka.

Tantine Numbi, dada ya marehemu baba yetu, alikuja kutoka Mitwaba na magunia mawili ya karanga na maharage kwa ajili ya sherehe. Kabla hata hajakaa akanishika mkono. Akanikumbusha kwamba binamu yake mmoja alivaa kitenge chake kwa upande wa nyuma, rangi hafifu nje, na bibi harusi alikaa ndani na viatu vyake mpaka jua likashuka.

"Ile ndoa ilifanyika?" nikauliza.

"Ilifanyika. Lakini paka leo babiri bale habasalimiane."

Yaani dada na dada, mpaka leo hawasalimiani.

Sasa kitenge chenyewe wakuu. Mama ya Trésor, maman Ngalula, familia yao asili ni Kasai ila wamezaliwa hapa hapa Lubumbashi. Mwanamke mrefu, wa kanisani, maneno machache. Alifungua valizi yake akanitolea yadi sita alizozitunza miaka mingi. Rangi ya bluu iliyoiva, na juu yake njiwa weupe wawili wawili, wanaangaliana.

Wakuu, nilikipenda mpaka nikanusa. Kilikuwa na harufu ya sabuni ya zamani.

Na niseme ukweli wote kama nilivyoahidi. Nilikipenda, halafu usiku nikikiangalia kilinichoma kidogo. Kwa sababu kila mama wa soko aliyesikia habari ya ndoa alinishika bega akasema "pole, maîtresse." Pole ya nini? Nani amekufa? Nilichoka na pole. Nikaapa siku ile nitasimama pale getini mpaka hao wa pole wakose la kusema.

Na hapo ndipo corset iliponiingia kichwani.

Mnazijua hizi corset za mwaka huu. Kifua kimebanwa, kiuno kimebanwa, mifupa ya plastiki imeshonewa ndani, kamba zinafungwa mgongoni, mikono mikubwa kama mito ya kulalia. Nikaona picha moja ya dada kwenye simu. Mrefu, kifua kimejaa, kiuno cha kushika kwa viganja viwili, hipsi hana hata za dawa. Nikapiga screenshot. Nikaiangalia siku tatu. Hata darasani watoto wakilala mchana mimi nachungulia.

Siku ya nne nikaenda kwa Papa Ferdi.

Akavua miwani, akaisogeza simu karibu na pua, akaiangalia ile picha. Akaniangalia mimi. Akairudia picha. Akaenda kunywa maji.

Aliporudi akajaribu. "Maîtresse, tufanye libaya muzuri, ile yako ya kila siku, mikono inapumua. Unapenda kunyanyua mikono, weye."

Libaya ni blauzi ya kina mama wa kwetu, pana, ya shingo ya duara. Ndiyo nguo yangu miaka yote kwa sababu nikiimba na watoto mikono iko juu. Lakini siku hiyo libaya ilikuwa kwangu nguo ya mwanamke wa kupewa pole.

"Hapana papa. Nataka vile iko mu photo."

"Kifua ya mu photo ile?"

"Tutatia sponji."

Akakuna kichwa. Akatandika kitenge mezani. Sketi ndefu ilikula kitambaa, ile mikono ya mito ikala kingine, na kwa ajili ya corset yenyewe kikabaki kipande cha pembeni ambacho hakikutosha kikiwekwa sawasawa. Akasema tutoe mikono. Nikakataa. Akasema basi tufupishe sketi. Nikakataa. Nilikuwa na simu mkononi, video inacheza, dada wa corset anajizungusha, na mimi moyo unajizungusha naye.

Papa Ferdi akasema, "Maîtresse, kitenge iko na kichwa na miguu. Angalia mbele nikate." Yaani niangalie kwanza, kabla hajakata.

Wakuu, nilimsikia. Naapa nilimsikia, lakini kwa sikio moja. Kwa mkono wangu mwenyewe nikakivuta kile kipande, nikakigeuza mpaka kikaenea, nikapiga meza.

"Si hii inatosha? Kata tu, papa!"

Akachukua mkasi. Akakata.

Kwa hiyo mtu asije hapa kumlaumu fundi. Fundi hana kosa. Kosa liko hapa linaandika na miguu yake ndani ya beseni.

Essayage, yaani siku ya kupima, ikawa Alhamisi baada ya shule. Ndoa ni Jumamosi. Nadine akanifuata, furaha tele, akashika simu ili anichukue video nikitoka nyuma ya pazia.

Nyuma ya pazia kulikuwa na vita. Papa Ferdi alinipa mgongo kwa heshima, mke wake akanifunga zile kamba, goti lake likiwa kwenye uti wangu wa mgongo. Nikahesabu mbavu zangu, zote nikazijua majina. Kifuani sponji mbili, ngumu, zinaangalia kila moja upande wake. Lakini nilijiambia mode ni kuumia.

Nikatoka!

Nadine akapiga vigelegele. Mimi nikajizungusha nusu, kwa sababu nzima ilikataa. Nikasema ngoja nikae tuone. Nikakaa.

Yesu wangu. Mwili ulishuka, corset ikabaki. Yote ikapanda juu, ikanifikia kidevuni, sponji moja ikachomoka ikaangukia kwenye meza ya Papa Ferdi katikati ya vifungo. Nikawa naongea kutoka ndani ya nguo kama mtu aliye kwenye pipa. "Nadine, nitoe! Nadine, sioni!"

Tulicheka wakuu. Nadine alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wa fundi akakaa chini. Mimi pia nacheka, na kucheka kunabana, na kubanwa kunachekesha zaidi.

Halafu kicheko cha Nadine kikakatika.

Alikuwa anaangalia ile video kwenye simu yake. Akaikaribia, akanyanyua macho, akaniangalia kifuani.

"Yaya. Njiwa balikufa."

Nikainama kuangalia, shingo haikuinama. Nikaenda kwenye kioo. Kwenye sketi njiwa walisimama vizuri, wawili wawili, wanapendana. Kwenye corset, kutoka kwapa mpaka kwapa, kichwa chini miguu juu. Kila mmoja.

Kitenge cha ndoa cha maman Ngalula, alichokitunza miaka yote hiyo, na mimi nimekivaa njiwa maiti kifuani.

Papa Ferdi alivua miwani akaanza kuifuta.

Nadine machozi yakamtoka. Si ya kicheko. Akaniambia kwa sauti ndogo, na hii naiandika kama alivyoisema kwa sababu mpaka sasa naisikia:

"Yaya, kama hautake niolewe, uniambie na kinywa. Usiniambie na nguo."

Akachukua mkoba wake akatoka.

Nilimwita. Nilimfuata mpaka mlangoni, lakini na ile corset ningekimbia wapi? Nilisimama pale mlangoni na sponji moja, watu wa Naviundu wanapita wananisalimia.

Wakuu, niliumia. Niliumia kwa sababu alikosea. Halafu nikaumia zaidi kwa sababu nilianza kujiuliza kama alikosea. Mkono wangu ndio uligeuza kile kitambaa. Fundi alinionya. Kwa nini sikutaka kusikia? Nilitaka watu waniangalie mimi, siku ambayo ni yake. Sijui. Nilirudi nyumbani nikapika bukari, ugali wetu wa huku, na sikula.

Na kumfuata Nadine haikuwezekana. Kuanzia Alhamisi jioni bibi harusi wa kwetu anawekwa ndani na matantine, yaani mashangazi wake. Mlango wa chumba unafungwa, simu inachukuliwa. Tantine Numbi alilala mlangoni na magunia yake ya karanga, jeshi zima lisingepita. Nikapiga hodi, akaniambia, "Utamuona Siku ya Posho." Posho ni Jumamosi kwa Kiswahili cha huku.

Ijumaa asubuhi nikaomba ruhusa shuleni nikaenda soko. Nilikuwa na kipande kidogo cha kile kitenge kwenye pochi. Nikapita kwa mama mmoja mmoja wa vitenge. Wanakishika, wanakisugua, wanatabasamu kama wameona picha ya ujana wao, halafu wananirudishia. Mmoja akaniambia, "Hii dessin ya njiwa haikuje tena, mama. Nani alikupatia? Chunga sana."

Chunga sana! Nilikaribia kulia mbele ya vitambaa vya watu.

Mchana nikarudi kwa Papa Ferdi na corset yangu kwenye mfuko wa plastiki. Umeme ulikuwa umekatika, akawa anatumia cherehani yake ya zamani ya miguu. Tukaanza kufikiria. Nijifunike na shali? Tantine Numbi angeivuta mbele ya watu. Tushone maua juu ya njiwa? Ingekuwa makaburi na maua yake. Papa Ferdi alicheka peke yake kwa hilo, halafu akaomba radhi.

Basi nikaitoa ile corset kwenye mfuko, nimekasirika, nikasimama mbele ya kioo. Nikaigeuza juu chini, nione tu njiwa wangependeza namna gani kama ningekuwa na akili. Nikaishikilia hapo tumboni.

Ikateleza.

Ikateleza kidogo ikakaa.

Ilikaa wakuu! Ile sehemu nyembamba ya kiuno ikashika kiuno changu. Na ile sehemu pana ya kifua, nafasi yote ile ya kifua cha dada wa kwenye simu ambayo mimi nilitaka kuijaza na sponji, ikashuka ikafunguka juu ya mahipsi yangu kama imepimwa hapo. Na njiwa wamesimama! Vichwa juu, wanaangaliana!

Nikapiga kelele. "Papa Ferdi! Papa Ferdi, angalia!"

Akaja mbio na futi yake ya kupimia shingoni. Akanizunguka. Akapima. Akapima tena. Mzee yule, ambaye sijawahi kumuona akiruka, akaruka.

"Kifua ya ule mwanamuke wa mu simu," akasema, "njo hipsi yako!" Njo ni ndiyo.

Tulishikana mikono tukacheza katikati ya duka. Mke wake akatoka jikoni akauliza nani amefariki, akaambiwa wamefufuka.

Haikufunga yote, nisiwadanganye. Yalibaki mapengo mawili ya pembeni, na hayo mahipsi yangu yaliyadai kwa haki. Papa Ferdi akanyoosha kidole kwenye ile mikono mikubwa ya mito iliyokuwa inaning'inia ukutani, haijashonewa popote bado.

Nikasema, "Kata."

Safari hii nikaongeza, "Lakini angalia mbele kitenge inasimama namna gani."

"Asante," akasema mzee.

Alitoa mifupa ya plastiki yote akaacha miwili ya kiunoni. Akaongeza vipande pembeni, njiwa wamesimama. Zile kamba za mgongoni akaziacha, sasa zinafungwa nyuma, chini ya kiuno, na utepe wake unaning'inia. Juu ikabaki swali, kwa sababu juu sasa sikuwa na kitu.

Nikaenda nyumbani, nikafungua kabati, nikatoa libaya yangu nyeupe ya dantele, yaani lesi, ninayovaa kanisani. Pana, shingo ya duara, mikono inapumua. Nikaivaa, sketi chini, corset iliyopinduliwa juu yake. Nikanyanyua mikono juu kama naimba na watoto. Ikanyanyuka yote bila kelele. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena, kwa raha tu, mara kama nane hivi.

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mode mwilini na bado nilikuwa mimi. Nilijiangalia nikacheka peke yangu.

Lakini Nadine bado yuko ndani na matantine, na anajua kesho nitakuja na njiwa maiti.

Jumamosi.

Saa nne asubuhi niko kwenye mlango wa lupango letu. Mbele yangu barabara imejaa, upande wa Trésor wote wamefika, ngoma iko, vumbi iko, bamama ba pole nao wako mstari wa mbele. Nyuma yangu mlango wa nyumba umefungwa.

Maman Ngalula akaja. Ngoma ikanyamaza.

Akatoa miwani kwenye mkoba. Akavaa. Akaanza na sketi, njiwa kwa njiwa, kama anasoma barua. Akapanda kwenye hipsi. Akasimama hapo. Akanizunguka nyuma, nikasikia anagusa zile kamba. Jasho linanitiririka mgongoni na ni wakati wa baridi.

Akarudi mbele.

"Hii ni nini?"

"Mode, maman."

"Mode ya wapi?"

Nikasema, "Ya kwangu."

Wakuu, yule mama wa maneno machache alivuta mdomo pembeni, akajizuia, akashindwa, akacheka. Akawageukia watu wake akasema kwa sauti, "Banjiwa bote beko bazima!" Njiwa wote wazima! Upande wa kule wakalipuka, vigelegele, ngoma moja ikajisahau ikapigwa.

Ndipo mlango nyuma yangu ukafunguliwa, matantine wakamtoa Nadine.

Alikuwa mweupe kwa nguo na mwekundu kwa macho. Aliangalia chini. Tantine Numbi akamgusa kidevu, akamnyanyua uso. Akaniona. Akashuka na macho kutoka kwenye libaya mpaka kwenye hipsi, akawaona njiwa. Akaziba mdomo kwa mkono wenye glavu.

Maman Ngalula akauliza, kama inavyoulizwa: "Yaya, mutoto apite?"

Neno ni moja tu. Nililirudia mwezi mzima bafuni. Nikamwangalia mudogo yangu, nikamuona na meno mawili ya mbele yameng'oka, nimemshika mkono tunavuka barabara. Nikajiuliza kwa mara ya mwisho kama ninakubali kweli ama ni nguo tu imekubali.

"Apite," nikasema.

Vigelegele! Ngoma! Maman Ngalula akafungua mikono.

Na Nadine hakupita.

Watu wakaanza kuangaliana. Mimi pia nikashangaa, nikamkonyeza, twende basi. Akasogea mpaka akanifikia, akaweka mdomo sikioni kwangu, akanong'ona huku anacheka na kulia:

"Yaya. Sogea."

Wakuu, nilikuwa bado nimesimama katikati ya geti. Mdomo ulishakubali, miguu ilikuwa bado. Na mahipsi haya, na corset juu yake, hata kuku asingepata njia.

Nikamshika uso. Nikamwambia polepole, na kinywa kama alivyoniomba, "Nataka uolewe. Nataka kabisa." Nikalia dantele ikaloa.

Halafu nikasogea.

Baada ya hapo sina maelezo mengi, nilicheza. Bamama ba pole walikuja mmoja mmoja, si kwa pole tena. Wanashika kamba, wanauliza nani kashona. Papa Ferdi alialikwa, alikaa kona na sahani yake, na kabla hajamaliza kuku wake watatu walishaagiza "corset ya ku chini." Amenipigia leo asubuhi anauliza tuipe jina gani.

Nilichojifunza sitawaandikia orodha. Mode si adui yangu, bado naipenda, na kesho kitu kingine kikitoka nitakitaka. Ila kabla ya kumpelekea fundi screenshot nitasimama kwanza mbele ya kioo na mwili wangu huu, nijiulize mikono yangu inafanya nini kutwa, nikikaa nakaaje, nini nachukua kwa yule dada na nini namwachia. Na fundi akivua miwani, nitafunga simu.

Kuna lingine dogo. Kama una mtu nyumbani anayekusubiri useme neno, mwambie kwa mdomo na mapema. Mimi nilikuwa na mwezi mzima wa kumwambia Nadine, nikautumia kuchagua mikono ya gauni.

Wenye kuomba picha, nimemuuliza bibi harusi, amesema mpaka arudi kutoka kwa wakwe. Ile video ya sponji ameifuta kwa hiari yake, Mungu ambariki.

Haya, uwanja wenu. Ni mode gani iliwakataa ninyi, na mliigeuzaje ikawakaa? Wanaume pia, msijifiche, zile suruali za kubana tulizionaga. Na kama humu ndani kuna yaya ama kaka aliyepitwa na mdogo wake, na bado amesimama getini, aandike tu. Sitampa pole.